Askofu na Uzio wa Sobotta

Jumamosi, 14 Septemba

Msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde umefunguliwa leo. Miaka yote mume wangu, Gaylen, ndiye aliyeandika siku zetu za mawindo, lakini mwaka huu kalamu ni yangu. Alibadilishwa nyonga mwezi wa Julai, na daktari amemwambia akipanda mti kabla ya Krismasi asirudi kwake kulia.

Upepo wa kaskazini magharibi, mwepesi. Nimeona kulungu majike watatu na watoto wao, wakila mbegu za mwaloni chini ya kiti changu cha kuwindia, kilichofungwa juu mtini. Mmoja alinitazama juu, akapiga mguu chini, kisha akaendelea kula. Sikuvuta upinde. Ni mapema mno, na mimi ninamtaka mmoja tu.

Niliporudi nilimkuta Duane Sobotta amekaa barazani kwetu na kahawa ya mume wangu mkononi. Shamba lake linapakana na letu upande wote wa mashariki. Aliuza ng'ombe wake wa maziwa miaka miwili iliyopita na tangu hapo hajui afanye nini na asubuhi zake.

"Umemwona jamaa?" akaniuliza.

"Jamaa gani?"

"Marlys, usinifanyie hivyo. Askofu."

"Nimeona majike watatu na mbu wote wa Wisconsin."

Akacheka. Askofu ni dume tuliyemwona kwenye kamera za porini, zile zinazopiga picha mnyama akipita, tangu akiwa na pembe changa. Ana baka jeupe shingoni kama ukosi wa padri, na pembe zake sasa ni pana kuliko mgongo wa kiti. Mchana analala kwa Sobotta na jioni anakula kwetu, au kinyume chake. Inategemea unamuuliza nani.

Kamera yangu ilimpiga picha Alhamisi. Hilo sikumwambia Duane, na nina hakika naye ana yake ambayo hakuniambia. Lakini kuna jambo limeniganda kichwani. Asubuhi ya kufungua msimu Duane huwa mtini kabla jogoo hajaamka. Leo alikuwa barazani kwangu anakunywa kahawa. Kwa nini?

Jumapili, 15 Septemba

Joto. Sikuona kitu. Gaylen ameomba kitunguu kwenye mayai. Nimemwambia vitunguu ni mpaka Desemba, harufu yake hukaa kwenye nywele, na kulungu hana haja ya kujua tumekula nini.

Jumanne, 17 Septemba

Nimetoka kazini, jikoni kwa shule, nanuka supu ya nyanya, nikaoga mara mbili kwa ile sabuni isiyonukia. Dume mdogo, pembe kama vijiti vya kuwashia moto. Nimemwacha akue.

Alhamisi, 19 Septemba

Kamera ya chini, ile iliyo kwenye mwaloni uliopasuka karibu na uzio, imegeuzwa. Siku mbili nzima imepiga picha za gome la mti.

"Upepo," akasema Gaylen. Alikuwa anamenya viazi na hakuinua uso.

Upepo haulegezi skrubu. Mtu amepita pale na hakutaka aonekane. Nami ninajua watu wangapi wana sababu ya kupita pale.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimekuta matufaha. Yamemwagwa upande wangu wa uzio, kwenye nyasi, mengine yameng'atwa nusu na alama za kwato zimejaa kila mahali. Wilaya yetu imepiga marufuku kumwagia kulungu chakula kwa sababu ya ule ugonjwa unaowakondesha. Ukikamatwa unanyang'anywa leseni. Na kama ni mimi ninayekaa mtini juu ya matufaha hayo, nani atakayekamatwa? Siyo mwenye miti ya matufaha. Sisi hatuna hata mmoja. Sobotta wana bustani nzima nyuma ya ghala.

Nimeyaokota yote nikayatia kwenye gunia.

Jumapili, 22 Septemba

Nimemwona. Alitokea jioni kwenye ukingo wa soya, taratibu, kama mtu anayeingia kanisani akiwa amechelewa. Alikuwa mbali mno kwa mshale. Akasimama, akageuza kichwa kuelekea uzio, akatazama kitu kule muda mrefu. Kisha akarudi alikotoka.

Nilisubiri giza lianze ndipo nikashuka kwenda kuangalia alichokuwa akikitazama. Kiti cha Duane kimehama. Zamani kilikuwa juu kabisa kwenye kilima chake. Sasa kimefungwa kwenye mti ulio karibu na waya kiasi kwamba ningeweza kukitemea mate.

Huku kwetu jambo hili halijaandikwa mahali, lakini kila mtu amelelewa nalo. Hukai mahali ambapo mshale wako unaweza kuangukia kwa jirani. Na kulungu uliyemjeruhi akivuka uzio, humfuati. Unakwenda kubisha mlango wa mwenye shamba, hata kama unamwona kwa macho yako amelala ng'ambo ya waya. Mnamfuata pamoja, na mwenye shamba anapata paja. Sisi na Sobotta tumepigiana hodi za namna hiyo tangu tulipooana. Bernadine, mke wa Duane, ndiye aliyenifundisha kutengeneza soseji za kulungu.

Sasa nimelala nawaza ni hodi ngapi za Duane zilikuwa za kweli.

Jumatano, 25 Septemba

Mvua. Sikutoka.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimeyasema, na siyajutii.

Ijumaa tunakula samaki wa kukaanga baa ya Zeglin, kama kila mtu wa bonde hili. Duane na Bernadine walikuwa meza ya jirani. Nilimwacha amalize kabichi yake kwanza, nisije nikaambiwa sina adabu.

"Matufaha yenu mwaka huu vipi, Duane?" nikamuuliza, sauti juu.

"Ah, yamezidi. Bernadine hajui ayapeleke wapi."

"Mimi najua yamekwenda wapi. Yako kwenye nyasi zangu, mbele ya kiti chako."

Duane akaweka uma chini. "Unasema nini?"

"Nasema unamwaga chambo. Na kamera yangu uliigeuza ikatazama mti, kama mtoto mtundu aliyesimamishwa ukutani."

"Marlys," akasema Gaylen polepole, "twende nyumbani."

"Sijamaliza samaki."

"Ngoja kwanza," akasema Duane. Alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mimi nataka kulungu, halafu nachukua matufaha yangu nakwenda kuyamwaga kwako? Ndiyo akili hiyo?"

"Kwangu, lakini hatua mbili tatu kutoka waya, na wewe umekaa juu ya waya huo huo. Mshale hausomi ramani."

Mtu mmoja kaunta akapiga kelele, "Duane, lipa bili ukimbie!" Wakacheka. Duane hakucheka.

"Mwaloni wangu wa kilimani uliangushwa na dhoruba ya Agosti. Nikahamia mti uliobaki. Nilikuja kwenu siku ya kufungua kukuambia, ukaniletea habari za mbu."

"Ungekuja kuomba, siyo kuarifu. Kiondoe kile kiti. Na kuanzia leo usivuke uzio wangu. Hata ukifuata damu."

Zeglin mwenyewe aliacha kufuta glasi. Hapa unaweza kumtukana mtu mama yake na Jumapili mkaketi benchi moja kanisani, lakini neno lile halijawahi kusemwa mbele yangu. Bernadine alinitazama kama mtu asiyenifahamu. Kisha akachukua mkoba wake.

Njia nzima Gaylen hakusema neno. Yuko upande wao.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimepigilia mabango ya kukataza watu kupita, uzio mzima, kutoka barabarani hadi kijitoni. Gaylen alinitazama kutoka dirishani. Nilipoingia alikuwa amejilaza, anasema nyonga inamsumbua.

Jumatatu, 30 Septemba

Shule. Mvua. Hakuna.

Alhamisi, 3 Oktoba

Upepo mzuri wa magharibi, baridi ya kwanza ya maana. Nilikuwa nimetulia mtini, na majike wawili wameanza kutoka kwenye mahindi, nikasikia msumeno wa Duane ukianza kunguruma kule kilimani. Majike wakaruka kama wamechomwa.

Duane anajua saa ya kulungu kutoka kama alivyokuwa akijua saa ya kukamua. Anafanya makusudi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Leo ni nyundo. Chuma juu ya chuma mchana kutwa, halafu tena jioni. Mtu anayemharibia mwenzake mawindo anavunja sheria, nimeisoma. Nitachukua simu nimrekodi. Niwe na ushahidi, watu wa Zeglin waache kucheka.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimekuta pai ya matufaha barazani, bado ina moto, imefunikwa kitambaa cha Bernadine. Anataka kuninunua kwa unga na sukari. Sikuigusa. Lakini cha ajabu ni kwamba hata Gaylen hakuigusa, na yule mtu angekula pai ya adui vitani.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Sina hamu."

Kuna kitu ananificha. Wamezungumza nyuma yangu, yeye na Duane. Ninaanza kuhisi kwamba katika bonde zima ni mimi peke yangu nisiyeambiwa mambo.

Jumatano, 9 Oktoba

Ninaandika mezani jikoni. Nguo zangu bado zina damu kidogo, wala si ya kulungu. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Niliondoka shuleni mapema. Hewa ilikuwa tulivu, upepo wa kusini ukipita usoni pangu kutoka upande wa soya, yaani upepo ambao mtu anauomba mwaka mzima. Nilipanda, nikajifunga mkanda wa usalama, nikatundika upinde. Majike wanne walitoka mapema sana. Nikajua leo kuna kitu.

Jua lilikuwa bado juu ya silo ya Sobotta, ule mnara wake wa malisho ya ng'ombe, niliposikia kishindo kule kilimani, kama ngazi ya chuma ikianguka. Kisha sauti ya mtu. Nikasema moyoni, ameanza. Majike waliinua masikio, wakasikiliza, wakarudi kwenye soya. Sauti ikaja tena. Nikatoa simu, nikaanza kurekodi. Niliielekeza kilimani na nikanong'ona tarehe kama wanavyofanya kwenye televisheni.

Halafu Askofu akatoka.

Hakutoka kwenye mahindi nilikomtarajia. Alitoka nyuma yangu, kwenye miti, nami sikumsikia mpaka alipovunja kijiti. Aliona majike, akawaelekea, na njia yake ilikuwa inapita chini ya kiti changu. Mtu ambaye hajawahi kukaa mtini hawezi kunielewa. Hupumui. Macho yako huyafungi. Moyo unapiga mpaka unaogopa atausikia. Kule kilimani sauti iliendelea, kisha chuma kikaanza kugongwa, polepole, ngo, ngo, ngo. Kila kilipogongwa Askofu alisimama. Kila aliposimama nilimlaani Duane Sobotta na ukoo wake wote uliotoka Poland.

Nilikuwa nimevuta upinde. Hatua chache tu ubavu wake ungekuwa wazi. Sauti ikapanda mara moja, kali, kama kilio. Askofu akageuza kichwa kilimani. Alitazama kule, akanyanyua mkia wake mweupe, akaondoka kwa miruko mikubwa miwili mitatu. Akavuka uzio, akaingia kwa Sobotta, na majike wote nyuma yake.

Nilipandwa na mori. Nilishuka mtini huku natukana, simu bado inarekodi mfukoni. Jua lilikuwa limeshazama. Nilivuka uzio, mimi niliyepigilia mabango, nikapanda kilima nikipiga kelele. "Haya, umefurahi? Umefurahi sasa? Toka nikuone, mwoga wewe!" Yote yamo kwenye simu. Nimeyasikiliza mara moja na sitayasikiliza tena.

Alikuwa ananing'inia.

Kiti chake kipya kilikuwa kwenye mti mwembamba mno, mti ambao mtu hauchagui kama ana mwingine. Kilikuwa kimeng'oka upande mmoja na ngazi ilikuwa chini kwenye nyasi, karibu na simu yake. Alikuwa ameshikwa na mkanda wa usalama, miguu hewani, na mkanda wa paja la kulia umekaza mpaka umezama kwenye suruali. Mkononi alikuwa na kipande cha chuma. Uso wake ulikuwa rangi ya ini. Shavu lilikuwa limechanika, linavuja.

"Duane!"

Alifungua macho. "Marlys. Nilijua utasikia."

Niliisimamisha ngazi. Nilipanda nikaweka miguu yake juu ya kipago, lakini haikusimama, ilikuwa kama ya mtu mwingine. Basi nikaingiza bega langu chini ya makalio yake na kumbeba hivyo, huku mkono mmoja umeukumbatia mti na mwingine unapiga simu. Vijana wa zimamoto wa kujitolea walikuja kwa kupitia shamba letu. Mpaka walipofika niliongea naye nisimpoteze.

"Kiti hiki umekifunga peke yako?"

"Nani mwingine? Bernadine yuko kwenye mazoezi ya kwaya." Akameza mate. "Ulisema nikiondoe uzioni. Nimekiondoa."

Hapo ndipo nikaelewa ule msumeno na ile nyundo.

"Ulisikia lini?" akaniuliza.

Nami nikasema, "Sasa hivi. Nimekuja mbio."

Alhamisi, 10 Oktoba

Sikwenda kazini. Bernadine amepiga simu kutoka hospitali. Duane yu hai, figo zake zinahangaika kufanya kazi, mguu wa kulia hauna habari njema. Alilia, akasema Mungu amlipe jirani anayekimbia kwa sauti ya kwanza. Nikamwambia anywe maji.

Nilipoweka simu chini Gaylen alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake.

"Matufaha ni mimi," akasema.

Sikuelewa.

"Bernadine alinipa ndoo nzima, akasema ni ya pai. Nikayapeleka kwa ile pikipiki ya magurudumu manne. Kamera niliigeuza nisionekane, na sikuweza kuirudisha, skrubu ilikuwa juu, nyonga ikanikaba."

"Kwa nini, Gaylen?"

"Nilitaka umpate wewe. Mwaka huu sikuwa na kitu kingine cha kukusaidia. Nilidhani atazoea kula upande wetu."

"Na kule Zeglin? Ulikuwa umekaa pale! Ulikula samaki!"

"Nilisema twende nyumbani."

"Hukusema ni wewe!"

"Ungenifanya nini mbele za watu?"

Nilimrushia taulo la vyombo. Ndicho kitu kilichokuwa karibu. Nikamwita mwoga, nikamwita majina mengine ambayo sikujua kama ninayo. Aliyapokea yote amesimama. Kisha nikakaa sakafuni, kwa sababu katikati ya matusi nilikuwa nimejisikia mwenyewe. Gaylen alinyamaza kwenye samaki. Mimi nilinyamaza mtu akiwa hewani.

Yeye hajui hilo. Anadhani ninalia kwa ajili yake.

Jumamosi, 12 Oktoba

Upepo mzuri. Sikutoka.

Wamekata mguu, juu ya goti.

Jumapili, 13 Oktoba

Mchungaji amenitaja mimbarini. Watu waligeuka wakanitabasamu. Mke wa Zeglin alinishika mkono, akasema, "Sisi tulidhani mmegombana kweli kweli, kumbe mapenzi yapo." Inasemekana Duane anamwambia kila anayemtembelea kwamba aliita mara moja tu na Marlys Haugstad akatokea.

Mara moja tu. Duane hakupotewa na akili pale juu, alikuwa anajibu maswali yangu yote. Anajua aliita kiasi gani. Koo lake linajua. Sasa kwa nini anasema vile?

Nimegeuza jambo hili kila upande. Labda anataka nife kwa aibu polepole, kila mtu akinishika mkono. Labda anangoja nisimame mwenyewe nikane, ili anione kama nina utu. Au anataka kitu, uzio, shamba, Askofu. Ninamshuku mtu mwenye mguu mmoja kitandani. Ndiko nilikofika.

Jumatano, 16 Oktoba

Jana theluji nyepesi ilianguka ikayeyuka. Leo baada ya kazi nimekwenda hospitali. Bernadine alikuwa ameshuka kununua kahawa. Duane alikuwa ameketi, amekonda, shuka limelala bapa upande mmoja. Sikutaka kulitazama na nikalitazama.

"Keti," akasema. "Gaylen amenipigia simu kuhusu matufaha. Bwege yule. Nimecheka mpaka nesi amekuja."

"Mbona unawaambia watu uliita mara moja tu?"

Aliacha kucheka. Akavuta shuka, akalinyoosha.

"Ulitaka niwaambie nini?"

"Nilikusikia tangu ngazi ilipoanguka, Duane. Jua lilikuwa juu ya silo yako."

"Najua."

"Unajua?"

"Marlys, mimi nimekaa mtini maisha yangu yote. Najua sauti inafika wapi upepo ukiwa wa kusini." Akatazama dirishani. "Alikuwepo, sivyo? Askofu."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Alikuwa mbali?"

"Kama kutoka hapa mpaka mlango ule."

Akapiga mluzi mdogo. Wala sikuona chuki usoni mwake, na nilikuwa naitafuta. "Kwa umbali wa mlango ule," akasema, "hata mimi sijui ningefanyaje. Ndiyo maana siwezi kukuchukia vizuri. Nimejaribu, usiku sina kazi nyingine."

"Basi waambie watu ukweli."

"Nikiwaambia nitaota mguu? Bernadine ana jirani mmoja tu wa kumkimbilia majira haya ya baridi. Mimi sitaweza kusukuma theluji. Acha abaki na jirani."

Kwa hiyo hakuwa na lake. Hakuwa na lake tangu siku ya kwanza, alipokuja barazani na kahawa ile. Nililia mbele yake, kwa sauti, kama mtoto wa chekechea aliyeanguka uwanjani. Akanisubiri nimalize.

"Ukitaka kumwambia Bernadine, mwambie," akasema. "Mimi sitakuzuia. Lakini mwambie nje ya chumba hiki, sitaki kuwapo."

Nilimkuta kwenye korido anatoka kwenye lifti na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa changu, alikuwa ameliona gari langu pale nje. Ningeweza kukipokea. Nakiri kwamba niliwaza kukipokea, tukae, tuongee habari za kwaya, na mambo yaishie pale. Hakuna mtu ambaye angeniuliza tena.

"Bernadine," nikasema, "weka vikombe chini. Nina neno."

Nilimwambia. Kishindo, jua, majike, dume. Simu niliyokuwa nayo mkononi, niliyoitumia kurekodi badala ya kuita msaada. Nilimwambia nilidhani ni kelele za kunikomoa. Alisimama wima muda wote, mkono mmoja umeshika ukuta, na mke wa mgonjwa mwingine akapita na maua, akatusalimu, hakuna aliyemjibu.

Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Alikuwa anaita kwa jina lako?"

Nikasema ndiyo.